Siku Selebatso Alipoanza Kuamkia Watu

Asubuhi ile niliunguza sufuria nzima ya maandazi, na wa kulaumiwa ni Selebatso. Nilikuwa nimeinamia mafuta kibandani kwangu, pale njia panda ya kwenda kgotla, baraza la wazee wetu, nikasikia magurudumu ya mkokoteni wake yakija. Sikuinua kichwa. Kwa nini niinue? Miaka kumi na tisa nimekaanga maandazi pale, na miaka kumi na tisa mwanamume huyo amepita na punda wake wawili akitazama masikio ya punda, asinipe hata kikohozi. Kwetu mtu akikupita bila salamu amekutukana, lakini Selebatso alikuwa ametutukana sote kwa muda mrefu mpaka tukazoea. Basi magurudumu yakasimama. Nikasikia sauti iliyokwaruza ikisema, "Dumela, mma. Umeamkaje?"

Niliinua kichwa, nikamtazama mikono nione ameshika nini. Alikuwa ameshika kofia yake tu, ameivua. Nikageuka nione anamwamkia nani nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Akangoja kidogo, akaivaa kofia, akawaambia punda twende. Nilipokumbuka mafuta, maandazi yalikuwa meusi.

Nikajiambia, huyu ana lake jambo.

Kabla ya saa nne habari ilikuwa imeenea kata yetu yote ya Goora-Mmopi. Kumbe hakuniamkia mimi peke yangu. Alikuwa amemwamkia mlinzi wa shule, na wanawake waliokuwa bombani, na Mma-Thuso, fundi cherehani, ambaye anaapa kwamba hata mbwa wake aliulizwa hali. Watu walicheka, kisha wakaanza kukisia. Mmoja akasema Selebatso anautaka udiwani. Mwingine akasema ameokoka katika kanisa moja la hemani. Mlinzi wa shule alishikilia kwamba mtu hubadilika namna ile akishaambiwa na daktari kwamba siku zake zimekwisha. Mma-Thuso, mjane, alijitazama kwenye kioo cha dukani kwake kwa siku mbili mfululizo, kwa sababu alidhani jambo lenyewe ni yeye.

Mimi sikucheka. Mimi nimewahi kuwa na mume, na mume huyo kwa mwezi mmoja aliosha vyombo. Aliniuliza kama nimechoka. Alinikanda miguu. Nikawasimulia majirani jinsi bahati ilivyoniangukia, na mwisho wa mwezi akasema anakwenda Francistown kununua tairi. Ni mwaka wa kumi na moja sasa na tairi halijapatikana. Tangu hapo mtu akiwa mbaya namwacha na ubaya wake, ninaujua ulipo. Akianza wema wa ghafla, ninakaa macho. Na kwa kuwa kila anayekwenda kgotla, kliniki au dukani hupita mbele ya kibanda changu, watu wa kata wamezoea kuniuliza mimi. Wananiita macho ya Goora-Mmopi. Sitajifanya kwamba jina hilo linanichukiza.

Selebatso nilimfahamu vizuri. Mtu wa miaka sitini na mmoja, mrefu, aliyefanya kazi migodini kule kusini miaka kumi na saba, akarudi na redio moja na mdomo usio na breki. Hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa na dharau tu. Aliona mijitu yote ya kijiji hiki ni mijinga iliyobaki nyumbani wakati yeye akipasua miamba, na hakuona sababu ya kuwaamkia wajinga. Mke hakudumu. Akanunua punda, akawa anauza kuni na mchanga, na ukinunua kuni kwake alikushushia mlangoni na kuondoka ungali ukisema asante.

Lakini jambo lililomtenga na watu lilikuwa la ng'ombe. Dada yake wa pekee, Mma-Gaone, ana mabinti wawili. Yule mkubwa, Gaone, alipoposwa, mjomba wake alikuwa Selebatso na si mwingine, na bila mjomba kwetu binti hatolewi. Wakwe walipoleta ng'ombe wa mahari, wazee wa pande zote mbili wamesimama zizini na makoti yao, Selebatso alizunguka kundi lile mara moja, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Hawa ni mbuzi waliovaa pembe. Warudisheni wakanyonye." Wajomba wa bwana harusi walivaa kofia zao wakawaswaga ng'ombe wao wakaondoka nao. Gaone anaishi na mwanamume huyo mpaka leo, mbali, wana watoto watatu, hawajaoana, na mama yake kila Krismasi hujibu maswali ya watu akitazama chini. Miaka minane dada na kaka hawakusemezana.

Ndiyo maana Mma-Gaone alipokuja kibandani kwangu wiki mbili baada ya yale maandazi kuungua, akavuta debe akaketi, nilijua hakuja kununua. Binti yake mdogo, Sethunya, mwalimu wa chekechea, amepata mtu wa Kanye. Wazee wa Kanye wametuma neno kwamba watakuja alfajiri ya Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane kuomba. Na Selebatso amekuja kwa dada yake, amesimama getini bila kuingia, amevua kofia, ameomba akae kwenye nafasi yake ya mjomba.

"Amesema hatanena neno litakalomwaibisha mtoto," Mma-Gaone akaniambia. "Mimi moyo unataka kumwamini, Mma-Gorata. Ni kaka yangu. Lakini shangazi wa watoto hataki hata kumsikia, anasema tumchukue binamu yetu, Rre Ditiro."

Rre Ditiro ni mtu mwema ambaye husinzia hata akiwa amesimama. Nilimwambia Mma-Gaone kwamba hapo kweli kazi ipo. Akanishika mkono.

"Wewe unamwona kila siku. Nitazamie. Ukiniambia amebadilika, nitasimama mbele ya shangazi na wazee wote. Wanajua wewe hudanganyiki."

Niliipokea kazi hiyo kwa furaha, sitaficha. Na tangu siku hiyo Selebatso hakupiga hatua ambayo sikuipima.

Jumatatu alimshushia Mma-Thuso mzigo wa kuni bila kuagizwa. Nikaweka akilini. Jumatano kulikuwa na msiba, na yeye ambaye misibani alikuwa akija saa ya kula na kuondoka na mfupa mkononi, alifika alfajiri akaingia jikoni kwa wanaume, akaponda nyama ya kuchemsha ya sufuria mbili mpaka shati likalowa jasho. Waliposhukuru akasema si kitu. Nilimtazama usoni aliposema hivyo. Hakunikuta nikicheka. Mtu anayetafuta kuaminiwa huanza na vitu vidogo, mume wangu naye alianza na vikombe.

Kila asubuhi alisimamisha punda mbele yangu. "Dumela, mma. Umeamkaje?" Kila asubuhi sauti ilikuwa tofauti kidogo, mara ya chini, mara ya haraka, siku moja karibu ya kuimba. Hilo nalo niliweka akilini. Mtu mkweli ana sauti moja.

Ijumaa nikapita nyuma ya ua wake, njia ambayo si yangu. Karibu na ukuta wa nyumba palikuwa na ndoo iliyofunikwa gunia, na harufu yake ilinifikia kwenye uzio. Upepo ukainua pembe ya gunia, nikaona vitu virefu, vyeupe, vya utelezi, vimejikunja ndani ya maji. Sikungoja kuhesabu. Nilirudi nyumbani nikaosha uso, na usiku ule nilifunga mlango kwa komeo zote mbili.

Kilichomaliza shaka zangu kilikuwa cha Jumanne. Nilitoka mapema na kopo langu la unga, jua bado, nikakata njia nyuma ya kgotla. Mnaijua kgotla yetu ndogo: nguzo za miti zimesimikwa nusu duara, na katikati majivu ya moto wa wazee. Mtu alikuwa amesimama mbele ya nguzo. Selebatso. Kofia mkononi. Aliigusa nguzo ya kwanza, akainama, akasema, "Dumela, Rre Mokgosi. Umeamkaje? Nyumbani wapo?" Akangoja. Akasogea nguzo ya pili, akamtaja mlinzi wa shule. Ya tatu, Mma-Thuso. Watu wazima, wazima wa afya, wamelala majumbani kwao, majina yao yanatajwa mmoja mmoja mbele ya magogo. Hakuna mtu mwenye nia njema anayefanya hivyo alfajiri, hilo kwetu linajulikana hata kwa mtoto anayetambaa.

Akafika kwenye nguzo iliyopinda, ya karibu na lango. "Dumela, Mma-Gorata," akasema. Akatikisa kichwa, akatema mate pembeni, akaanza upya. "Dumela, Mma-Gorata." Akarudia mara ya tatu, polepole, mkono juu ya gogo. Kopo la unga nililiacha pale pale kwenye majani na sijui miguu ilinifikishaje nyumbani.

Jioni ile niliwaambia. Walikuwa wamekaa kwa Mma-Gaone: yeye, shangazi wa watoto anayeitwa Mma-Kopano, mwanamke mkubwa anayesikiliza kwa kufumba jicho moja, na baba wadogo wawili wa watoto. Nilisema nilichokiona hatua kwa hatua. Sikutia chumvi, labda kidogo tu kwenye ndoo. Nikamalizia kwamba mtu aliyechukia watu kwa miaka yote hii hageuki kuwa mpole kwa mwezi mmoja bila kutafuta kitu, na kwamba kama Sethunya angekuwa mtoto wangu, Selebatso asingemkaribia siku ya kuombwa. Mma-Kopano akafumbua jicho lake akasema hayo ndiyo aliyokuwa akiyangoja. Mma-Gaone alilia bila sauti. Nilimhurumia, lakini pia nilijisikia mtu wa maana, na hilo nalisema kwa aibu.

Siku ya pili tulikwenda pamoja kumwambia. Mimi nilibaki kwenye uzio. Mma-Gaone alimweleza kwamba familia imekaa na imeona Rre Ditiro ndiye atakayekaa, na kwamba ingekuwa heri yeye asifike. Hakutaja nguzo, wala mimi. Selebatso alikuwa akimsugua punda mgongo. Aliacha, nami nikaanza kutafuta njia ya kukimbilia.

"Nimesikia, dada," akasema. "Wapokeeni wageni vizuri."

Akaendelea kumsugua punda. Njiani nikamwambia Mma-Gaone, umeona? Mtu asiye na hatia angepiga kelele.

Na bado kesho yake aliniamkia. Kofia mkononi, punda wamesimama. Nikatazama mafuta yangu.

Jambo lililonipeleka uani kwake siku ya Ijumaa, kesho yake wageni wa Kanye wafike, halikuwa toba. Lilikuwa kiburi. Watu walikuwa wakiniuliza, hiyo ndoo ilikuwa na nini hasa, na mimi macho ya Goora-Mmopi sikuwa na jibu. Nilimwona akipita na mkokoteni kuelekea mtoni kuchota mchanga, nikafunga kibanda, nikaenda. Lango lake halina kufuli. Ndoo ilikuwa pale pale, gunia juu. Nililiinua kwa kijiti.

Ndani mlikuwa na maji na mabaki mawili ya ukanda wa ngozi ya ng'ombe, iliyokatwa nyembamba, inalainika. Na pale ukutani, kivulini, palikuwa na kiti. Kile kiti chetu cha kgotla, cha mbao, ambacho kila mwanamume hubeba chake begani akienda barazani. Mbao zilikuwa za zamani, zimepakwa mafuta. Kikalio kilikuwa kipya, kanda za ngozi zimesukwa kwa kukazwa, moja juu moja chini, bado zina unyevu katikati. Hakuna aliyewahi kumwona Selebatso na kiti. Miaka yote, siku chache alizokuja kgotla, alisimama langoni na kuondoka katikati ya maneno ya watu.

Nilikuwa nimeshika ukanda wa ngozi mkononi aliposimama langoni. Alikuwa amesahau dumu la maji ya punda.

"Umepata ulichokuwa ukikitafuta, Mma-Gorata?"

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Nikamuuliza kiti ni cha nini, akajibu ni cha kukalia. Nikaona hanitoi hapo kirahisi, nami sina pa kupita ila mbele yake, basi nikaamua kumaliza yote.

"Na nguzo za kgotla? Ulikuwa ukiniita jina. Mara tatu. Nilikusikia kwa masikio yangu."

Alivua kofia, akaketi juu ya dumu. Halafu akaeleza, akitazama chini, kwa sauti ya mtu asiyezoea kujieleza. Mwezi wa sita, wakati wa baridi, alishikwa na kifua akalazwa hospitali siku kumi na mbili. Kitanda cha jirani alilala mzee mmoja muuza matikiti, mtu wa kawaida tu, na kila saa ya kuona wagonjwa watu walimjaa. Kando ya kila kitanda kulikuwa na kiti cha mgeni.

"Walikuwa wengi hawana pa kukaa," akasema. "Siku ya kwanza binti yake akanijia, akaniuliza kwa adabu kama wanaweza kuchukua kiti changu. Nikamwambia chukua. Siku ya pili akaniuliza tena. Kuanzia siku ya tatu hakuuliza, na hakuwa na kosa. Kilikuwa kiti kitupu."

Alipotoka aliamua kuanza na salamu kwa sababu hapo ndipo alipoharibu. Lakini mdomo haukujua. Siku ya kwanza alizunguka kata yote kabla hajapata ujasiri wa kusimamisha punda. Ndipo akawa anakwenda kgotla alfajiri kujifunza, kila nguzo mtu, ili akikutana na mwenyewe isimtoke ile sauti yake ya kugombeza. Mtu huwezi kujifunzia nyumbani peke yako, akasema, mbele ya ukuta wa nyumba yako huoni haya.

"Sasa mimi mara tatu kwa nini?" nikauliza. "Wengine mara moja, mimi mara tatu, unatema na mate."

Aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Wengine wote wameitikia. Siku thelathini na mbili nimekuamkia, mma, na wewe hujaniitikia hata moja. Nikadhani ni mimi ninayekosea kusema."

Niliuweka ule ukanda kwenye ndoo. Nilitaka kumwitikia palepale, badala yake nilipita pembeni yake nikatoka, na hata njiani, Mungu anisamehe, bado nilikuwa nikijiuliza kama hadithi ile ya kiti si ya kutunga. Nikamsimamisha Mma-Thuso nikamuuliza, mwezi wa sita Selebatso alipopotea zile siku, alikuwa wapi? Akafikiri. Malishoni, nadhani, akasema, kwa ng'ombe. Nikamuuliza mlinzi wa shule. Malishoni, nadhani. Nikajiuliza mwenyewe, maana mimi ndiye ninayeona kila anayepita, na nikakumbuka vizuri sana kwamba zile siku niliona mkokoteni haupiti, nikafurahi kwamba vumbi limepungua.

Alfajiri ya Jumamosi nilijifunga kilemba, nikabana blanketi begani kwa pini, nikaenda kwa Mma-Gaone. Baridi ilikuwa inauma. Ndani ya ua moto umewaka, baba wadogo wamevaa makoti, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka na mablanketi yao, na Rre Ditiro yuko kwenye kiti cha mjomba, kidevu kifuani. Ndiyo nafasi ya kuume, ya heshima. Niliomba ruhusa ya kusema, nikasema. Nikawaambia niliona vibaya. Nikawaeleza kiti, ndoo, hospitali, nguzo. Nikawaambia bado kuna wakati, mtu akimbie kumwita, ni nyumba ya sita tu kutoka hapa.

Hakuna aliyeinuka. Mma-Kopano alifumba jicho lake moja.

"Mma-Gorata," akasema, "juzi mchawi, leo malaika. Umelishwa nini huko?"

"Sijalishwa kitu. Nilikosea."

"Ulikosea juzi au unakosea leo?"

Mmoja wa baba wadogo akakohoa. Mma-Gaone mwenyewe, yule aliyekuwa akitaka kumwamini kaka yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli niliingia uani kwa Selebatso jana, tukiwa wawili tu, kwa maana watu wameniona nikitoka. Nikasema ndiyo, lakini. Na ile lakini haikufika popote. Nikaona wanawake kwenye mkeka wananitazama mikono, iliyokuwa ndani ya blanketi kwa baridi. Nikaitoa nje. Sikuwa nimeshika kitu.

Mtu anayegeuka ghafla ana lake jambo: hayo niliwafundisha mimi, kibandani kwangu, mwaka hadi mwaka, na walikuwa wanafunzi wazuri. Nilijisikia uchi mbele ya watu nilioishi nao maisha yangu yote.

Sethunya alikuwa mlangoni pa nyumba, amefunikwa, haruhusiwi kusema siku hiyo. Aliniangalia tu. Kisha tukasikia kwenye lango la mbele hatua za watu wengi na mzee akibisha kwa kikohozi, wageni wa Kanye wamefika, na Mma-Kopano akaniambia kwa adabu kabisa nipitie mlango wa nyuma.

Nilitembea bila kujua ninakwenda wapi, na njia ikanipitisha nyumba ya sita. Punda walikuwa zizini, hawajafungwa mkokoteni. Selebatso alikuwa katikati ya ua wake. Amevaa koti la rangi ya kahawa ambalo sijawahi kuliona, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, viatu vinang'aa. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti, mgongo wima, kofia gotini, ameelekea nyumba ya dada yake. Hakukuwa na mtu mwingine. Nilisimama kwenye uzio, nisiingie, nisiondoke.

Tulikaa hivyo, yeye haoni, mimi naona, mpaka mbingu ikaanza kuwa nyeupe. Ndipo vigelegele vikapanda kutoka kwa Mma-Gaone, mara moja, mara mbili, vikajibiwa na wanawake wa Kanye. Ombi limekubaliwa. Selebatso akainuka. Akaishika kofia kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akainamisha kichwa kwa ua mtupu.

"Tumewasikia, ndugu wa Kanye," akasema. "Mtoto ni wetu na tunawapa. Ng'ombe wenu, vyovyote watakavyokuwa, ni wazuri."

Sauti haikukwaruza hata kidogo. Alikuwa amejifunza vizuri.

Alipoinua kichwa akaniona. Nilingoja anifukuze, na nilikuwa na haki ya kufukuzwa, kwa sababu kufikia hapo alikuwa amekwisha kujua ni nani aliyemnyima nafasi yake alfajiri ile. Hakunitazama mikono. Alinitazama usoni.

"Dumela, mma," akasema. "Umeamkaje?"

Nilifungua lango. Nikavuka ua, nikakaa chini kwenye vumbi mbele ya kiti chake, miguu nimeikunja upande mmoja, blanketi nimelishika kifuani, kama wanawake wageni wanavyokaa mbele ya mjomba.

"Dumela, rra," nikasema. "Nimeamka. Kwangu tupo. Sijui hapa kwenu."

Akaketi tena, polepole, akaweka kofia gotini.

"Hapa tupo," akasema.